Regyuleta si Skrubu ya Kabureta

Kuna tabia katika gereji nyingi za Nairobi inayomaliza injini za Subaru za turbo: gari likionyesha upungufu wa mafuta kwenye buusti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo), fundi anaikaza skrubu ya regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, mpaka namba ya geji impendeze. Tabia hiyo imerithiwa kutoka enzi za kabureta. Kwenye injini ya injekta, inayonyunyiziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, ni kosa, na ukishalifanya, kila kipimo kinachofuata kinakudanganya.

Anza na hesabu. Mafuta yanayopita kwenye injekta hufuata kipeuo cha pili cha presha. Injekta inayotoa sisi (sentimita za ujazo) 550 kwa dakika kwa baa 3 itatoa kama sisi 635 kwa baa 4. Presha imepanda kwa theluthi, mafuta yamepanda kwa asilimia 15 tu. Wakati huohuo pampu, kadiri unavyoidai presha zaidi, ndivyo inavyotoa lita chache, kwa hiyo itakushinda palepale ulipoihitaji, kwenye mizunguko 6,000 ya injini. Kibaya zaidi, kompyuta ya gari haijui ulichofanya. Ukiwa safarini taratibu itaona mafuta yamezidi, itajifunza kupunguza, na kwenye Subaru nyingi punguzo hilo hubebwa hadi kwenye buusti. Umekaza skrubu, kompyuta imefungua, na pesa ya dyno, mashine ya kupimia nguvu ya gari, imeshalipwa.

Presha inapimwa kwanza, na inapimwa kwa geji halisi iliyofungwa kati ya filta na reli ya injekta. Kabla ya kufungua mpira wowote, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini izime yenyewe, na uwe na kizima moto karibu. Kisha rudisha fyuzi, acha injini ingurume, chomoa mpira wa vakumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regyuleta na uuzibe. Isomeke karibu baa 3, yaani psi 43. Rudisha mpira, presha ishuke. Hapa wengi hujichanganya, kwa sababu vitabu vya ufundi huandikwa kwa magari yaliyo usawa wa bahari. Mombasa utaona kama psi 34. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na vakumu ni ndogo, utaona 36 au 37. Regyuleta ni nzima. Usiiguse.

Zima injini. Presha ikidondoka hadi sifuri papo hapo, valvu ya pampu, regyuleta au injekta inavujisha. Kisha jaribu kwenye mzigo: kila baa 1 ya buusti lazima iongeze baa 1 ya presha ya mafuta. Buusti ya baa 1 inadai psi 58. Ikifika 50 halafu ikaanza kushuka, angalia filta na chujio la ndani ya tangi, halafu pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe. Betri inasoma 13.8 na pampu inapata 11.5? Tatizo ni waya, na pampu mpya ya lita 255 kwa saa haitakusaidia. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia rilei.

Sasa ndipo mchanganyiko wa hewa na mafuta. Injini ikinguruma au ikisafiri taratibu, hewa 14.7 kwa mafuta 1 ni sawa. Kwenye buusti kamili, kwa petroli yetu ya oktani 93, ningelenga 11.0 hadi 11.5. Subaru STI ya Japani ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu zaidi, kwa hiyo ukiacha muda wa cheche kama ulivyotoka kiwandani, mafuta mengi hayatazuia injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda. Rudisha cheche nyuma. Chini ya 10.5 petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na plagi zinakuwa nyeusi.

Usiamini sensa ya waidibendi, inayosoma mchanganyiko huo kwenye ekzosi, bila kuuliza imefungwa wapi. Ekzosi ikivuja mbele yake, itavuta hewa na kusoma upungufu wa mafuta ambao haupo. Silinda ikikosa kuwaka pia itasoma hivyohivyo, kwa kuwa oksijeni imetoka bila kutumika. Fundi anaongeza mafuta, plagi inalowa zaidi, namba inazidi kuwa mbaya. Halafu ile valvu inayotoa hewa ya turbo nje ukiachia gesi, inayopendwa kwa mlio wake: gari likiwa na sensa ya kupima hewa, ile hewa imeshahesabiwa na kumwagwa, ndiyo maana kila ukibadili gia linatema moshi mweusi. Rudisha ya kiwandani.

Injekta zisikae wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wa kila mzunguko. Kwenye mizunguko 7,000 mzunguko kamili wa kazi huchukua milisekunde 17.1, hivyo injekta ikikaa wazi zaidi ya milisekunde 14.6 nunua kubwa zaidi, uingize ukubwa wake kwenye kompyuta.

Wanaoteremka Mombasa na kontrola ya buusti ya mkono wajue kuwa baa 1 ya Nairobi ni kama kilopaskali 182 za presha ya jumla, ukijumlisha ile ya anga, na ya pwani ni 201. Ni takriban asilimia 10 zaidi, na sehemu hiyo ya ramani (jedwali la mafuta na cheche kwenye kompyuta) huenda fundi hakuwahi kuifikia. Shusha buusti hadi baa 0.8 kabla ya kuondoka, rekodi mbio moja ya gia ya tatu ukifika, ndipo uamue kama utaipandisha.