Sensi Moja kwa Gemu Zote: Tunalinganisha Nini Hasa?

Ukihama Counter-Strike 2 kwenda Valorant, zote gemu za kupiga risasi, wenzako watakuambia kwanza ugawe sensi yako, yaani namba inayoamua ugeuke kiasi gani unaposogeza kipanya, kwa 3.18. Aliyekuwa na 1 anaweka 0.314, anaingia mchezoni, na baada ya raundi chache analalamika kwamba hii siyo sensi yake. Anajibiwa kuwa hesabu haidanganyi. Naona pande zote mbili zina haki, ila kila upande unapima kitu chake.

Hesabu yenyewe ni safi. Sensi ikiwa 1, Counter-Strike inakuzungusha nyuzi 0.022 kwa kila hatua inayotumwa na kipanya, na Valorant nyuzi 0.07. Ndiyo asili ya 3.18. Kwa kipanya cha DPI 800, yaani kinachotuma hatua 800 kwa kila inchi, kuzunguka nyuzi 360 kwenye Counter-Strike kwa sensi hiyo hula karibu sentimita 52 za mkeka, na 0.314 inakupa sentimita zile zile Valorant. Ukisikia hatua za adui nyuma yako, mkono unajua uvute umbali gani ili ugeuke. Faida hii ni ya kweli, nami naitetea.

Lakini risasi nyingi hatupigi tukigeuka nyuma. Tunapiga tukisogeza alama ya shabaha kidogo tu kutoka katikati ya skrini, na hapo ndipo pembe ya mwono, yaani upana wa eneo ambalo gemu inakuonyesha kwa nyuzi, inapoleta tofauti. Skrini haibadiliki ukubwa, kwa hiyo pembe ikiwa nyembamba, picha inavutwa karibu: adui anaonekana mkubwa, na kila nyuzi moja unayogeuka inasogeza picha pikseli nyingi zaidi. Mkono umekwenda umbali ule ule, jicho limeona mwendo mwingine.

Kati ya gemu hizi mbili tofauti ni ndogo. Valorant imefunga pembe kwenye 103. Counter-Strike inahesabu 90 kwa kipimo cha skrini za zamani za 4:3, na kwenye skrini ya 16:9 inakuwa kama 106. Ukipiga hesabu, picha ya katikati inakwenda kasi zaidi Valorant kwa takriban asilimia 6. Hiyo mimi siihangaikii. Naamini anayelalamika anasumbuliwa zaidi na mwendo wa wahusika na tabia ya bunduki kuliko sensi.

Call of Duty ni habari nyingine. Tangu Modern Warfare ya 2019, mchezaji wa kompyuta anaweza kuchagua pembe kuanzia 60 hadi 120. Ukishikilia sentimita zile zile za kuzunguka, picha ya katikati kwenye 60 inakimbia mara tatu ya ile ya 120. Hapo kusema sensi ni moja kwa sababu duara limelingana ni kujidanganya.

Darubini ndiyo inayonishawishi kabisa. Ukivuta darubini ya AWP, bunduki ya mdunguzi ya Counter-Strike, hatua ya kwanza, pembe inashuka kutoka 90 hadi 40 kwa kipimo kile cha 4:3, na gemu inapunguza sensi kwa uwiano huo huo, 40 kwa 90. Inaonekana ni haki, kumbe picha imekuzwa karibu mara 2.75. Matokeo yake, ukiwa ndani ya darubini picha inakwenda kasi zaidi kwa asilimia 22 kuliko ukiwa nje. Kizidishi cha darubini, namba ya mipangilio inayozidisha sensi ukiwa ndani ya darubini, kikishushwa kutoka 1 hadi 0.82, kasi ya katikati inalingana. Namba hii ndogo ilinisaidia kuliko miezi ya kubadilisha sensi kuu.

Wapo wasemao haya yote ni kupoteza muda kwa kuwa mkono hujifunza haraka. Hawasemi ovyo. TenZ, mchezaji wa mashindano aliyetoka Counter-Strike akang'ara Valorant, anajulikana kwa kubadili sensi mara kwa mara, na shabaha yake haikupotea. Tena kila gemu ina kazi yake: Overwatch inakutaka umfuate adui anayeruka huku na huko, wakati Counter-Strike inakutaka utulize alama kwenye kona umngoje. Anayepandisha sensi kidogo Overwatch hajakosea. Ninachokataa ni kubadili bila kujua ulipotoka, kwa sababu mkono unazoea kitu kilichotulia.

Basi nafanya hivi. Pembe naichagua kwanza kwa ajili ya gemu yenyewe. Siwezi kujinyima kuona pembeni Call of Duty eti kwa sababu Valorant imefungwa kwenye 103. Kisha nalinganisha duara. Kama pembe zinapishana sana, nahama hapo na kulinganisha katikati, na kwenye darubini nalinganisha katikati siku zote. Kwenye ukumbi wa gemu, ambako kipanya ni cha watu wote na DPI haijulikani, naweka rula pembeni ya mkeka, nalenga ufa mmoja kwenye ukuta wa ndani ya gemu, navuta kipanya mpaka nizunguke na kuurudia, kisha nasoma sentimita.