Kufuli la Windows na mwenye ufunguo

Kila anayetumia kompyuta huku kwetu anaijua ile flashi. Umeipeleka steshenari wakuchapie barua, umerudi nayo nyumbani, unaichomeka, na mafolda yako yote yamebadilika. Majina ni yale yale, lakini kila moja lina kishale kidogo pembeni na uzito wa kilobaiti moja au mbili. Ukibofya, folda linafunguka kama kawaida, ila kwa siri kuna amri fupi imeshapita, na kuanzia hapo kompyuta yako inaambukiza kila flashi itakayoikaribia.

Kwenye kompyuta yenye Windows katika hali ya S, ukibofya kishale hicho mfumo unagoma. Kifaa kinachoendesha amri hizo, wscript, kimezuiwa, sawa na lile dirisha jeusi la amri na mwenzake PowerShell. Kinachoruhusiwa kuingia ni programu iliyopitia duka la Microsoft peke yake. Sasa toa flashi hiyo, uchomeke ya kijana aliyekuandikia mfumo wa mauzo wa duka lako la dawa: stoo, tarehe za kuisha kwa dawa, risiti, deni la mteja wa jana. Bofya setup. Mfumo unagoma vilevile, kwa ujumbe unaosema kwamba ni programu zilizothibitishwa na Microsoft tu ndizo zinazoendeshwa hapa. Kirusi na jasho la kijana vimewekwa kapu moja, kwa sababu vyote viwili havina muhuri.

Ubishi wote kuhusu mifumo ya kompyuta inayofungiwa kwenye duka moja umo ndani ya flashi hizo mbili. Watetezi wanaitazama ya kwanza, wapinzani ya pili.

Jambo lenyewe si geni. Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows RT pamoja na tableti yake ya kwanza ya Surface. Kwa macho ilikuwa Windows 8 kamili, hata ile meza ya zamani yenye ikoni ilikuwepo, lakini programu za Windows ulizozoea hazikuingia. Sehemu ya sababu ilikuwa ya kiufundi, maana mashine ilitumia chipu za ARM, za aina ile ya kwenye simu, ila hata mtu aliyekuwa tayari kuitengenezea programu yake upya alilazimika kupitia dukani. Wanunuzi waliikimbia. Julai 2013 Microsoft ilikiri hasara ya dola milioni 900 kwa Surface RT zilizobaki bila kununuliwa. Mtu aliyenunua kitu kinachoitwa Windows alitarajia Windows.

Tarehe 2 Mei 2017 wazo likarudi kwa jina la Windows 10 S, likiwa ndani ya Surface Laptop ya dola 999, na safari hii kisingizio cha chipu hakikuwepo. Mashine ilikuwa na uwezo wa kuendesha kila kitu, ikaamriwa isiendeshe. Aliyetaka kutoka alipewa muda wa kuhamia Windows 10 Pro bure, na muda ukiisha alipe dola 49. Mwaka 2018 Microsoft ikalegeza: S ikaacha kuwa toleo la kujitegemea ikawa hali tu, na kutoka kukawa bure moja kwa moja. Ndiyo hali tunayoikuta leo kwenye laptopu nyingi za bei nafuu zenye Windows 11 Home, zikiwemo zile ambazo ndugu walioko nje hutununulia kwenye ofa na kutuletea ndani ya mabegi.

Utetezi wa kufuli hili una nguvu kuliko wapenzi wa kompyuta tunavyopenda kukubali. Mtumiaji wa kawaida hana namna yoyote ya kujua faili limebeba nini. Anaona jina na picha, basi. Office ya bure, mchezo uliovunjwa ulinzi, kile kiprogramu cha kuifanya Windows ionekane imelipiwa, vyote vina sharti moja kwenye maelezo: zima antivairasi kwanza. Nasi tunazima. Tumelea kizazi kizima cha mafundi ambao hatua yao ya kwanza wakishika mashine ya mteja ni kuzima ulinzi, ya pili ni kumwaga mzigo wa programu kutoka kwenye diski ya nje ambayo hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Mwalimu anayehitaji Word, WhatsApp, VLC na kivinjari anavipata vyote dukani. Kwake hali ya S haimpunguzii chochote, na inamwondolea adui mkubwa kuliko wote, yaani kidole chake mwenyewe. Watu hao hao wameishi na iPhone kwa sharti hili tangu duka lake lifunguliwe mwaka 2008, wala hawajioni wafungwa.

Ila wauzaji wa kufuli nao hupenda kulisifia kupita kiasi. Siku kumi tu baada ya Windows 10 S kutambulishwa, tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kililipuka duniani, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Mwezi uliofuata Microsoft ikajigamba kwamba hakuna kirusi kinachojulikana cha aina hiyo kinachoweza kuendeshwa kwenye Windows 10 S. Lakini WannaCry hakikumsubiri mtu apakue kitu. Kilipita chenyewe mtandaoni, kikiingia kwenye mashine ambazo hazikuwekewa kiraka kilichotolewa tangu Machi. Kufuli la duka lingeweza kukizuia kisiendeshwe, ni kweli, lakini ufa wenyewe ulizibwa na masasisho ya kawaida, ambayo kila toleo la Windows lililokuwa bado linahudumiwa liliyapata bila kufungiwa popote.

Halafu majigambo yakajaribiwa. Jarida la ZDNet lilimkabidhi mtaalamu wa usalama, Matthew Hickey, Surface Laptop yenye Windows 10 S. Ilimchukua zaidi kidogo ya saa tatu kuishika mashine nzima mkononi. Hakulazimika kusakinisha programu yoyote ya kutoka nje ya duka. Alitumia Word yenyewe, iliyogongwa muhuri na wenye duka, kupitia hati yenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya hati. Mkenya yeyote aliyewahi kujaza ritani ya kodi ya KRA kwenye faili la Excel anaujua ule upau wa njano wa juu unaouliza kama uruhusu makro, na anajua kwamba jibu lake huwa ni ndiyo, kwa sababu bila ndiyo fomu haifanyi kazi. Muhuri ulikuwa halali, na mlango ukafunguliwa hivyohivyo.

Hata hivyo mimi sioni kwamba jaribio lile liliua hoja ya usalama. Mlango wenye kufuli unaweza kuvunjwa, na bado watu wanafunga milango. Saa tatu za mtaalamu si sawa na kubofya kishale kimoja. Kinachonipa mashaka na nia ya kufuli hili kiko kwingine kabisa, mahali pasipohusiana na virusi hata kidogo.

Windows 10 S ilikuja na Edge ikiwa kivinjari kikuu kisichobadilishika, na ndani ya Edge injini ya kutafuta ilikuwa Bing, mali ya Microsoft pia, nayo haikubadilishika. Ungeweza kuandika anwani ya Google kwa mkono ukaenda, lakini ukiandika neno kwenye upau wa juu, linakwenda Bing. Hebu fikiria: ni kirusi gani kinachozuiwa kwa kumlazimisha mtu atumie Bing? Hapo mlinzi wa geti ameanza pia kukuchagulia duka la kununulia sukari, na duka lenyewe ni la bosi wake. Desemba 2017 Google ikaweka dukani kiprogramu ambacho kazi yake ilikuwa kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa kupakua Chrome. Hakikumaliza siku, Microsoft ikakiondoa ikisema kimevunja kanuni. Na kanuni zilitaka kivinjari chochote cha dukani kitumie injini ya Microsoft yenyewe ya kufungulia kurasa, jambo ambalo Google isingelifanya hata kwa mtutu.

Wenye michezo ya kompyuta walilinusa hili mapema. Mwaka 2012 Gabe Newell wa Valve aliita Windows 8 janga kwa kila aliye kwenye biashara ya kompyuta, na mwaka 2016 Tim Sweeney wa Epic aliandika kwenye gazeti la Guardian akiituhumu Microsoft kwamba inataka kuuhodhi ulimwengu wa michezo kwa mlango wa nyuma. Tusiwavike joho la utakatifu. Steam ya Newell nayo ni duka, na kiwango chake cha kawaida ni 30% ya mauzo, sawa na maduka aliyokuwa akiyaogopa. Lakini woga wake ulizaa matunda: Valve ilimwaga fedha na miaka kwenye Linux, mfumo huria usio na mwenye duka, mpaka mwaka 2022 ikatoa Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya michezo inayocheza michezo ya Windows bila Windows. Tishio la kufungiwa liliifanyia Linux ya michezo kazi kubwa kuliko mahubiri ya miaka 20.

Apple wamekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Duka la Mac lilifunguliwa Januari 2011, mwaka uliofuata kikaja kizuizi cha Gatekeeper kikiwa na chaguo la kuruhusu kila kitu, mwaka 2016 chaguo hilo likafichwa, na mwaka 2024 njia ya mkato ya kupitisha programu isiyo na muhuri wa Apple ikaondolewa, ukabaki mzunguko wa kwenda kwenye mipangilio na kuthibitisha. Bado unaweza. Ila kila mara hatua zinaongezeka, hazijawahi kupungua.

Kwa haki, hali ya S ina kitu ambacho iPhone ya huku kwetu haina: mlango wa kutokea, na ni bure. Unakwenda kwenye mipangilio, sehemu ya uamilisho, unapelekwa dukani, unabonyeza kitufe kimoja, kufuli linaanguka bila hata kuwasha upya mashine. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaoita hali ya S utumwa. Kasoro yake ni kwamba mlango huo ni wa kutoka tu. Hakuna kitufe cha kurudi. Mwenye duka la dawa anayetaka programu moja, ile ya kijana wake, hana namna ya kusema hii namwamini, nyingine zote zibaki nje. Lazima avunje ukuta wote, na kesho mtoto wake akichomeka flashi yenye vishale, hakuna kinachomzuia. Ulinzi uliosifiwa miaka yote unatupwa kwa sababu ya faili moja halali.

Kiufundi jambo hilo linawezekana. Idara za tehama za mashirika makubwa zinapewa na Microsoft zana za kuandika orodha yao wenyewe ya programu zinazoruhusiwa, na Windows hiyo hiyo inazitii. Mwenye mashine moja ndiye asiyepewa kalamu. Akipewa, awe na uwezo wa kuongeza jina na kulifuta, kufunga na kufungua, upinzani wangu mwingi utakwisha, na nitakuwa wa kwanza kumwekea mama yangu hali ya S.

Kwa sasa, anayenunua laptopu Kariakoo au River Road afungue mipangilio kabla ya kutoa hela, aende kwenye maelezo ya mfumo, asome mbele ya jina la Windows kama kuna herufi S. Muuzaji mara nyingi hatamwambia, pengine naye hajui. Ikiwepo, na anachohitaji ni Word na WhatsApp, aiache ilivyo. Na kama kuna kijana anayemwandikia mfumo wa duka, amwite aje na flashi yake hapo hapo, wajaribu kabla risiti haijaandikwa.