Msiniite mfadhiliwa

Wiki iliyopita niliamka nikakuta barua pepe kutoka idara ya utumishi ya chuo. Sisi tuliokulia nyumbani tunajua kwamba ofisi haikuandikii kwa jambo la heri. Nikaifungua kwa jicho moja. Kumbe wananikumbusha kwamba nimelimbikiza siku za likizo, wanaomba nikae na msimamizi wangu tupange nitaenda lini.

Likizo. Mimi, mwanafunzi wa uzamivu.

Nilicheka peke yangu, halafu hasira ikanipanda, na hasira hiyo ndiyo iliyoniketisha hapa kuandika.

Niko Uswidi, mwaka wa tatu wa uzamivu katika ujifunzaji wa mashine, lile tawi la akili mnemba la kuifundisha kompyuta kwa data. Mwaka niliotimiza miaka 30, siku zangu za likizo zilipanda kutoka 28 hadi 31, kwa kuwa ndivyo yanavyosema makubaliano ya watumishi wa serikali, na mimi ni mtumishi. Kila mwezi napata hati ya mshahara, nakatwa kodi, nawekewa pensheni. Nikiugua kwa muda mrefu au nikipata mtoto, mkataba unasogezwa mbele. Masomo yenyewe ni miaka minne. Ukipewa kufundisha, kisheria kufundisha huko hakuzidi sehemu ya tano ya muda wako, na mkataba unanyooshwa hadi mitano. Ada hakuna, hata kwetu tuliotoka nje ya Ulaya. Wa shahada ya kwanza na uzamili wakitoka nje ya Ulaya wanalipa, tena pesa ya kuumiza. Wa uzamivu hawalipi.

Ya nyumbani siyasimulii, mnayajua. Mnamjua yule anayefundisha madarasa matatu, anasahihisha mitihani ya mkuu wake, anawasimamia wa shahada ya kwanza, na mwisho wa muhula anazuiwa kuingia maktaba kwa sababu hajamaliza ada. Mnajua na mwaka wa saba wa tasnifu. Mnazijua na sahihi za kusubiriwa.

Kilichonisukuma zaidi ni kijana mmoja. Ana shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, kichwa kizuri, na kwa miaka miwili amekuwa akiniandikia, "Kaka, ukisikia skolashipu yoyote nistue." Mwezi uliopita nikamtumia linki tatu za nafasi za uzamivu, moja ya kuchakata kwa kompyuta lugha zenye data chache, kazi aliyowahi kuifanya kwa mikono yake. Baada ya siku mbili akajibu: "Shukrani kaka, ila hizi ni ajira. Mimi natafuta ufadhili wa masomo."

Nilikaa nikiitazama ile simu.

Hapo ndipo tunapopotelea. Tunazunguka kwenye kurasa za skolashipu mwaka mzima, tukigombania nafasi chache na dunia yote, wakati sehemu kubwa ya nafasi za uzamivu za Ulaya Kaskazini na Magharibi zinatangazwa kwenye ukurasa wa ajira wa chuo, pamoja na za wahasibu na mafundi wa maabara. Uholanzi ni mkataba wa kazi wa miaka minne. Norway ni mitatu, au minne ukiwa na kufundisha. Ujerumani wanakuajiri kwa ngazi ya mshahara ya E13, ingawa wengi hupewa asilimia tu ya saa za mkataba kamili, na mshahara wa kiasi hicho, kwa hiyo soma tangazo hadi mwisho kabla ya kushangilia. Ufaransa wana mkataba wa uzamivu wa miaka mitatu. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayolipiwa na Umoja wa Ulaya, inampokea mtu wa uraia wowote, na ina sharti moja ambalo kwa mara ya kwanza maishani linakubeba wewe uliye nyumbani: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Mimi niliye huku tayari nimefungiwa mlango wa Uswidi. Wewe hujafungiwa.

Na mara nyingi hawakuombi andiko refu la utafiti. Profesa ameshapata fedha, mradi upo, anatafuta mtu wa kuufanya. Kwenye akili mnemba hapa fedha nyingi zinapitia mpango wa utafiti uitwao WASP, ulioanza 2015 na kulipiwa kwa sehemu kubwa na wakfu wa familia ya Wallenberg. Wamejiwekea lengo la kutoa madaktari wasiopungua 600. Hao 600 hawafanyiwi hisani. Kuna walioamua nchi inawahitaji, wakapiga hesabu ya kuwapata.

Ndiyo maana neno "kufadhiliwa" limeanza kunikera. Wahenga walishatuonya: mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu ana maudhi. Anayefadhiliwa hana wa kumdai. Fedha zikichelewa miezi mitano anasema asante kwa mwezi wa sita. Msimamizi akimtuma kwenye shughuli zake binafsi, anakwenda. Nimekwenda mimi, kwa hiyo msidhani nawachora wengine.

Nawasikia. "Huyu ameshalewa mshahara wa Wazungu." "Umesahau ulikotoka." "Pesa zenyewe nyumbani zinatoka wapi?"

La pesa nalijibu kwanza kwa sababu ndilo la maana. Najua hazipo. Lakini mkataba ni karatasi. Kusema kwa maandishi kwamba huyu anafanya kazi saa kadhaa za kufundisha, na kwa saa hizo anasamehewa ada, kunahitaji mashine ngapi za kisasa? Marekani, pamoja na ubepari wao wote, mwanafunzi wa uzamivu wa kompyuta kwa kawaida halipi ada. Anafundisha au anafanya utafiti, na kwa hiyo anapewa posho. Wamarekani si watakatifu. Waliona tu kwamba mtu anayelipa ili afanye kazi hafanyi kazi nzuri.

La pili, la kulewa. Nililia hapa, wala sioni haya. Nilituma maombi 22 kabla ya kupata hii, na wengi hawakujibu kabisa. Nafasi moja ya ujifunzaji wa mashine inavuta mamia ya watu, na baadhi yao tayari wana makala kwenye mikutano mikubwa kabla hata hawajaanza uzamivu. Vyuo vya Marekani vinataka ada ya maombi, kila kimoja yake, na msamaha lazima uuombe mwenyewe, mapema, maana wengi hufunga Desemba. Uingereza, kwenye nafasi zinazolipiwa na baraza lao la utafiti la UKRI, wageni wana ukomo wa asilimia 30. Na hawa hawa Waswidi ninaowasifu, Julai 2021 walibadilisha sheria ya ukaazi katikati ya mchezo; watu waliokuja wakijua baada ya miaka minne watapata ukaazi wa kudumu, wakaambiwa sasa waonyeshe kwanza namna watakavyojitegemea. Wenzangu wawili wakafunga mizigo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba huku ni peponi.

Hata hivyo kuna jambo dogo lililonivutia siku ya kwanza. Chuo cha umma hapa ni ofisi ya serikali, na nyaraka zake ni za umma. Ukikosa nafasi unaweza kuomba uone walioomba ni nani na walipimwaje. Niliwahi kuomba. Walinitumia. Nikaona aliyenishinda alinishinda kwa haki, nikalala vizuri usiku huo kuliko usiku wowote niliowahi kusubiri "tutakujulisha".

Na nisije nikaonekana nimekuja huku mikono mitupu. Nyumbani nilifundisha modeli, yaani programu zinazojifunza kutoka kwenye data, kwa GPU za bure za mtandaoni, zile chipu zenye nguvu za kazi hiyo, na mnajua zile saa ambazo kila kitu kinazima. Nilizoea kuhifadhi modeli kila baada ya dakika kumi, kama mtu anayefunga mlango kila anapopita. Huku tuna kompyuta kubwa ya Berzelius kule Linköping, iliyozinduliwa 2021 na mamia ya GPU. Mwaka jana mwenzangu, mzaliwa wa hapa, akapoteza kazi ya siku mbili kwa sababu hakuwa amehifadhi chochote. Kazi yake ilifika ukomo wa muda ikakatwa. Alinitazama kana kwamba dunia imemsaliti. Nikampa programu yangu ndogo ya kuhifadhi, ile ile ya enzi zile, na sasa maabara nzima inaitumia. Hawajui imezaliwa na shida gani, na sikuwaeleza.

Mwingine ataniambia, "Basi rudi uje ubadilishe." Hilo nalijibu polepole, kwa kuwa naliuliza mwenyewe kila Desemba. Nikirudi leo nitawekwa kufundisha madarasa matatu na kusubiri sahihi. Labda nitarudi. Labda nitarudi na fedha za mradi mkononi, na wa kwanza nitakayemchukua nitampa mkataba hata ukiwa wa kurasa mbili. Si ahadi hiyo, msinishikie.

Fomu ya likizo nimejaza, wiki tatu za Julai. Mfumo ukanirudishia ujumbe kwamba bado nimebakiza siku.

Yule kijana alituma maombi Jumapili, zikiwa zimebaki saa tatu dirisha lifungwe. Alinitumia kwanza barua yake niipitie. Kazi yake ameieleza vizuri sana, nimejifunza kitu hata mimi. Ila sentensi ya kwanza ilikuwa, "Kwa unyenyekevu mkubwa naomba mnifadhili." Nikampigia simu, nikamwambia aifute, aanze na sentensi ya pili.