Watano Wametushinda Saba

Jamani, hesabu mimi nilifundishwa kwa viboko, na katika hesabu ile saba ni kubwa kuliko tano. Hapa Nkuhungu, Dodoma, kwenye nyumba tunayopanga, imeamuliwa vingine. Watu saba hatukumtaka Baba Neema awe msimamizi wa umeme. Watano walimtaka. Basi ndiye msimamizi. Anapita mlango kwa mlango na daftari lake la jalada gumu, anagonga kwa funguo, anaita "mchango wa LUKU!" kwa sauti ambayo kabla ya uchaguzi hakuwa nayo.

Asiyejua maisha ya nyumba za kupanga ajue hivi: vyumba tisa, mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kununua kabla ya kuutumia. Aliyekuwa anatukusanyia hela alihamia Singida, kiti kikabaki wazi, na umeme hausubiri vikao. Wakajitokeza watia nia watatu. Baba Neema, mwenye friji la kuuzia barafu, mtuhumiwa namba moja wa kumaliza yuniti, sasa anataka yeye ndiye atugawie deni. Mama Shabani wa maandazi, anayepikia mkaa. Kwake kuna taa moja na chaji ya simu. Na dogo mmoja wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwenye sabufa, ambaye nadhani aligombea kwa kuwa siku hiyo hakuwa na kipindi.

Mimi nilitaka kuwa wa nne. Nisimame kivyangu, sina kundi. Mwalimu mstaafu wa chumba cha getini akanikatalia: sheria zetu hazina mgombea binafsi, lazima udhaminiwe na chama. Nikamwambia, shikamoo Mwalimu, lakini hii ni nyumba, siyo Jamhuri. Akanikalisha kwenye kigoda, akanisimulia Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa, alivyolipeleka jambo hilo mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, akashinda mwaka 2013, na mgombea binafsi bado haruhusiwi. Sasa kama Mchungaji alishinda na hakuna kilichobadilika, mimi fundi cherehani ni nani? Nikarudi kwenye mashine yangu.

Kura yenyewe ilipigiwa uani. Vikaratasi vya daftari, ndoo ya maji, kitenge juu yake kwa sababu ya huu upepo wetu wa Dodoma. Tukaambiwa kura ni siri. Siri gani, wakati mwandiko wa Mama Shabani unajulikana mtaa mzima kwa ile orodha ya wadaiwa aliyobandika mlangoni? Wakati wa kuhesabu upepo ukapiga, kura mbili zikakimbilia chooni, zikafuatwa na mawakala wa pande zote. Kura moja iliharibika: mtu ameandika "yeyote asiye na sabufa". Mwalimu akaiinua kwenye mwanga, akaitazama weee, akasema nia ya mpiga kura inaonekana, tatizo haijulikani kampa nani. Matokeo: Baba Neema tano, Mama Shabani nne, dogo tatu.

Nikaruka. Warudiwe wawili wa juu! Maana wale watatu wa dogo wote nawajua, hakuna hata mmoja ambaye angempa mwenye friji. Mwalimu akatikisa kichwa. Sisi, anasema, ni mwenye nyingi ndiye mwenye kiti. Mbunge hivyo, diwani hivyo. Rais ndiye mwaka 1995 alitakiwa avuke nusu ya kura. Mwaka 2000 Katiba ikarekebishwa, na yeye akawa mwenye nyingi tu. Wanaodai zaidi ya nusu ni Wakenya, tena na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zao 47. Nikasema basi tufuate ya Kenya, sisi ni Afrika Mashariki. Mwalimu akaniuliza, chumba cha bachela mwenye kura moja, hiyo robo utaikata na mkasi wako? Dogo alitoa simu apige hesabu, akairudisha mfukoni.

Kisha dogo naye, uchungu wa kushindwa, akatuambia Gambia wanapiga kura kwa gololi. Tukacheka. Mwalimu akasema msicheke, ni kweli: kila mgombea ana pipa lake lenye rangi yake, unatumbukiza gololi tunduni, inagonga kengele ndani, wasimamizi wakisikia mlio mmoja wanajua umepiga mara moja. Na baiskeli haziruhusiwi karibu na kituo, kengele zisije zikachanganya hesabu. Nikaipenda hiyo, angalau gololi haipeperuki. Lakini gololi zote za nyumba hii anazo Shabani, na Shabani ni mtoto wa mgombea. Halafu muuza aiskrimu hupita hapa na kengele kila jioni. Kufika magharibi tungekuwa na kura nyingi kuliko mkoa.

Wanaoniuma hasa ni wale watano. Nimewachunguza mmoja mmoja. Wa kwanza anasema Baba Neema ana sauti. Wa pili: "Ni mtu wa kwetu Mpwapwa, nitamnyimaje?" Wawili walikunywa juisi ya zabibu ya baridi, ya bure, iliyogawiwa usiku wa kuamkia kura. Nikawauliza, hiyo siyo rushwa? Wakasema ni takrima, ukarimu tu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwalimu akadakia kwamba takrima ilipigwa chini na Mahakama Kuu mwaka 2006. Sawa, lakini glasi zilishaoshwa.

Wa tano ni mke wangu. Ndani ya lile friji ana nusu kilo ya nyama na maziwa ya mtoto. Nilipomuuliza akanijibu, "Baba Asha, kura ni siri," huku anaigonga ile nyama sakafuni iganduke. Watia nia wa mwaka 2020, walioangushwa na wajumbe kwenye kura za maoni za CCM, walilia kwamba wajumbe si watu. Wao angalau walirudi nyumbani kulala. Mimi mjumbe nimelala naye.

Na kosa kubwa ni la hawa wapinzani wetu. Niliwaambia mapema, Mama Shabani na dogo, unganeni, saba mnao. Wakakaa kikao kwangu, kati ya vitambaa. Mama akataka sabufa izimwe saa nne usiku. Dogo akataka maandazi ya mkopo mpaka boomu, ile hela ya mkopo wa chuo, litoke. Muungano ukafia hapo.

Mwalimu akaleta dawa ya mwisho: Afrika Kusini. Kule viti 400 vya bunge vinagawiwa kwa kadiri ya kura, na mwaka 2024 chama tawala cha ANC walipopata kama asilimia 40, ilibidi wakae na wengine ndipo serikali ipatikane. Basi na sisi tugawane: Baba Neema ashike daftari, Mama Shabani ashike hela, dogo anunue tokeni kwa simu. Kila mtu akaona ni sawa isipokuwa Baba Neema, ambaye alisema ameshatangazwa. Tukamuuliza, umetangazwa na nani? Alikuwa ameshika ndoo. Mwalimu, kwa sauti ya chini, akasema kwa Rais hata Katiba, ibara ya 41, inakataza mahakama kuchunguza uchaguzi wake akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi. Baba Neema akaomba aandikiwe hiyo ibara. Kaibandika juu ya friji.

Kulikuwa na wazo la kugawa jimbo, kama Dodoma Mjini ilivyogawanywa mwaka 2025 likazaliwa jimbo la Mtumba. Upande wa geti na upande wa choo. Likafa, maana hakuna aliyekubali kuwa mwananchi wa upande wa choo.

Juzi ametoa viwango vipya. Taa na simu, shilingi elfu mbili kwa mwezi. Sabufa, elfu tano. Friji, elfu nane, kwa sababu "linahudumia umma". Pasi ya fundi, elfu kumi na mbili. Nimekata rufaa kwa maandishi. Itasikilizwa Jumapili wakitoka kanisani, msikilizaji ni yeye mwenyewe, na ameniagiza niende na pasi kama kielelezo, niichomeke kwake, apige mzigo wake wa mashati kwanza ili aone inakula kiasi gani.