Chumba cha kuongozea mitambo: rahisi kwa siku ipi?

Machi 28, 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, valvu ya kupunguza shinikizo ilifunguka ikakwama wazi. Taa yake mezani ilizimika, waendeshaji wakaamini imefunga. Kumbe taa ile haikuwa na habari na valvu yenyewe; ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Kipimo cha tangi lililokuwa likipokea maji yanayovuja kilikuwepo, ila nyuma ya paneli. Huku ving'ora zaidi ya 100 vinalia, nani angeizunguka paneli kwenda kukitazama? Uvujaji wa maji hayo ya kupoza kinu uliendelea kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Tangu hapo wengi wamekubaliana kwamba vyumba vya kuongozea mitambo viwe rahisi kutumia. Wasichokubaliana ni maana ya urahisi.

Wapo wanaotaka kupunguza: kuta zilizojaa swichi ziondoke, zije skrini chache, na kompyuta ichuje ving'ora. Hoja yao ina uzito. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, mwaka 1994, waendeshaji wawili walimwagiwa ving'ora 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Hakuna binadamu anayeweza kusoma hivyo vyote, sembuse kuvitafakari.

Upande wa pili wamo waendeshaji wa siku nyingi, na mara nyingi hupuuzwa kwa kudhaniwa wanaogopa kompyuta. Sidhani kama ni woga. Kwenye ukuta wa zamani kila swichi ilikuwa na mahali pake pa kudumu, mkono uliijua hata gizani. Kiongozi wa zamu aliyesimama nyuma aliona nani anagusa nini. Skrini huficha kurasa nyuma ya kurasa, na kila mtu huinamia yake. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mwaka 2005, mafuta yaliyokuwa yakiingia kwenye mnara yalionyeshwa kwenye skrini moja, yanayotoka kwenye nyingine. Kipimo cha kina, kilichokuwa kibovu, kilionyesha kina kinashuka ilhali mnara unafurika. Mlipuko uliofuata uliua watu 15.

Tena kuchuja ving'ora ni kuamua mapema kipi hakitahitajika, na anayeamua ni mbunifu aliyeketi ofisini miaka kadhaa kabla ya hitilafu yenyewe. Otomatiki nayo ina mtego wake: ikifanya kazi zote za kawaida, mwendeshaji hupoteza mazoezi, kisha hukabidhiwa mtambo siku ulipomshinda hata kompyuta.

Hata hivyo mimi naegemea skrini, maana ukuta ule ule unaosifiwa ndio uliokuwepo Three Mile Island. Lakini vipimo vichache vya uhai wa mtambo vikae mahali pamoja daima, pasiweze kufunikwa na dirisha lolote. Kila alama ionyeshe hali ya kifaa, si amri iliyotumwa. King'ora kilichochujwa kipatikane kwa hatua moja. Ukitaka kujua chumba kimewanyima nini wanaokitumia, tazama vijikaratasi walivyobandika pembeni mwa skrini; huo ni ukaguzi wa bure, na wakubwa huamuru vibanduliwe kabla ya wageni kufika.

Watasema haya yote ni gharama. Ni kweli, hasa yakifanywa baada ya nyaya kulazwa na meza kufungwa. Ndiyo maana majaribio yafanywe mapema, kwa meza za mbao na skrini za kuigiza, na wanaojaribu wawe wa zamu ya usiku waliokwisha choka, wala si wahandisi waliouchora mfumo. Na katika jaribio hilo kipimo kimoja kidanganye makusudi, bila wao kuambiwa. Kisha ihesabiwe ni dakika ngapi zinapita kabla mmoja wao hajakitilia shaka, na kama chumba kilimpa cha kukilinganisha nacho.