Bata wa Benson wamepewa mstari mmoja tu?

Mhariri, mwandishi wa makala yenu kuhusu mchoraji Mmarekani Frank Benson amemsifu kwa picha za binti zake waliovaa magauni meupe juani, lakini picha zake za bata-mwitu akazipitia kwa mstari mmoja. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Benson alizaliwa Salem, Massachusetts, mwaka 1862, akawa mwindaji tangu ujana, kabla hata ya kwenda Paris kusomea uchoraji. Ndege wale aliwajua kwa mazoea ya kuvizia kwenye mabwawa na baridi.

Ziangalie vizuri zile picha za bata. Hakuna unyoya uliochorwa mmojammoja. Bata ni mipako michache ya rangi nyeusi-nyeusi, bawa limekatwa kwa mpigo mmoja wa brashi, na chini yake maji yanameta kwa mwanga wa anga. Aliyewahi kuamka alfajiri kando ya maji anajua kwamba hivyo ndivyo macho yanavyoona: kundi linapita, umbo tu, halafu kimya. Kama huo si uimpreshonisti, yaani mtindo wa kuchora mwanga na kile jicho linachokiona kwa mara moja, basi sijui ni nini! Kwangu mimi picha za bata zinazipita zile za mabinti, nisamehewe.

Tena kuna jambo limesahaulika. Stempu ya bata ya serikali ya Marekani ya mwaka 1935, ya pili tangu zianze kutolewa 1934, ilitokana na mchoro wake. Wawindaji wa ndege wa majini hulazimika kununua stempu hiyo kama kibali, na fedha zake hununulia ardhi oevu ambako ndege hao hutua na kutaga. Mhariri, hilo lilistahili aya nzima.