Ubongo Umeshanunua, Mimi Bado Nauliza Bei

Jamani, hivi hii pochi ni ya nani? Mtu unaingia dukani umejiapiza: leo naangalia tu. Kumbe kichwani kikao kimeshafungwa na kura zimehesabiwa, wewe ndiye hujaalikwa.

Mwaka 2007 Brian Knutson wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwalaza watu 26 kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha ubongo ukiwa kazini. Sekunde 4 unaona bidhaa, sekunde 4 unaona bei, sekunde 4 unachagua: nanunua au naacha. Kitu kikikupendeza, akumbensi inachangamka. Hiyo ni sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo, inayonusa faida. Bei ikiwa ya kukomoa inaamka insula, sehemu nyingine ya ubongo, ambayo huhusika na maumivu na kinyaa. Kumbe tukisema bei inauma, inauma kweli! Wataalamu wakasoma hayo, wakabashiri kabla mtu hajabonyeza kitufe. Tusiwatukuze lakini: walipatia zaidi ya kurusha shilingi, ila si kwa mbali.

Ulimi nao msaliti. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake kule Caltech, chuo kikuu cha Marekani, waliwanywesha watu 20 divai kwa mirija wakiwa ndani ya mashine. Divai ileile, mara inaitwa ya dola 10, mara ya dola 90. Ya 90 ikasifiwa, na sehemu ya ubongo iliyo juu ya macho, inayopima utamu, ikachangamka zaidi. Hawakuwa wanaigiza! Waliporudia kuonja bila kutajiwa bei, utofauti ukayeyuka. Sasa muuzaji akikwambia "bosi, hii bei yake imesimama", ujue anakukolezea kinywaji kwa mdomo.

Na nyie wa madodoso, mnatuuliza "ungenunua sabuni hii?" ili iweje? Sisi tunajibu kwa adabu tu. Gregory Berns na Sara Moore wa Chuo Kikuu cha Emory waliwasikilizisha vijana nyimbo za wasanii wasiojulikana, kisha wakafuatilia mauzo hadi 2010. Alama walizotoa vijana hazikuendana na mauzo. Akumbensi zao ziliendana, japo kwa uhafifu.

Ila mshauri wa biashara akija na picha ya ubongo yenye doa jekundu, anadai "wateja wanaumizwa na bei yako", usimlipe haraka. Mashine inafuata damu inayokimbilia sehemu ya ubongo iliyo kazini, na damu huchelewa kama sekunde 5. Kichwa kikitikisika kidogo, picha imeharibika. Tena insula ina kazi chungu nzima. Muulize alijuaje kwamba si mkojo tu uliokuwa umewabana mle ndani.